Baba, usilete mavumbi nyumbani



Saa ya kazi imekwisha. Unashuka katika bisi, unaingia katika kartie, na mutoto wako mudogo anakuona toka mbali. Anakimbia, anakushika miguu, anatia uso wake katika salopeti yako. Hiyo ni furaha ya kila baba. Lakini angalia ile salopeti. Tangu asubui ilikuwa karibu na mawe yanayosagwa, ao karibu na furu. Utaikunguta mbele ya mulango, na mavumbi yataanguka pale pale mutoto atakapochezea kesho.

Mara nyingi katika ukurasa huu tunakukumbusha kuvaa kaske, mabote na maski. Leo hatusemi juu ya hatari inayokungoja kazini. Tunasema juu ya ile unayoibeba mwenyewe na kuifikisha nyumbani bila kujua. Na hatusemi kwa kuwaza tu. Watu wa elimu wa Universite ya Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walipima mavumbi, udongo, mboga na mikojo ya watu katika miji yetu. Walichokipata kinakuhusu wewe, bibi yako na watoto wako. Soma mpaka mwisho, kisha usomee na watu wa nyumba.

Kikombe cha mukojo kinasema nini?

Shaba ya kwanza ilitoka katika furu ya Lubumbashi mwaka 1911. Universite ilifungua milango yake mwaka 1956. Kwa hiyo moshi ulitangulia masomo kwa miaka 45. Lakini hata kisha universite kufunguliwa, miaka mingi ilipita pasipo watu kujua vizuri ni madini ngapi yanaingia katika mwili wa mutu anayekaa karibu na viwanda na mine.

Profesere Célestin Banza Lubaba Nkulu, munganga wa Universite ya Lubumbashi, alitaka kujua. Alishirikiana na wenzake wa universite ya Leuven, katika Ubelgiji, kati yao Profesere Benoit Nemery. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2009. Waliomba watu 351, wakubwa na watoto, kila mumoja atoe mukojo kidogo katika kikombe. Wengine walikaa karibu sana na mine ao kiwanda, chini ya kilometre 3. Wengine walikaa mbali kidogo. Wengine tena walitoka katika inchi isiyo na mine, kusudi waweze kulinganisha.

Utauliza: kwa nini mukojo? Kwa sababu madini yakiingia kinywani ao puani, sehemu yake inaingia katika damu. Damu inapita katika figo, na figo zinatupa nje uchafu pamoja na mukojo. Mutu anaweza kusema «mimi sili mavumbi», lakini mukojo wake hausemi uongo.

Waliokaa karibu na mine na viwanda walikuwa na arseniki, kadmiumu, kobalti, shaba, risasi na uraniumu nyingi kuliko wale wa mbali. Kobalti ilipita yote. Katika hesabu zilizokuwa zimechapishwa mpaka wakati ule ulimwenguni, hakuna watu wa kawaida, wasio watumikaji wa viwanda, waliopatikana na kobalti nyingi namna ile katika mukojo. Zaidi ya nusu ya wale waliokaa karibu walipita kipimo ambacho waganga wa kazi wanakiweka kwa watumikaji wa viwanda vya kobalti.

Na sasa sikiliza neno hili: watoto waliwapita wakubwa. Mutoto hatumiki kwenye furu. Mutoto hashuki katika mine. Lakini kobalti ilikuwa nyingi katika mwili wake kuliko katika mwili wa watu wazima wa kartie ile ile.

Njia mbili: sahani na mukono

Wachunguzi hawakusimama pale. Kujua kwamba maji yameingia nyumbani haitoshi. Inapashwa kutafuta tundu. Katika uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2014, walipima chakula, maji, hewa na mavumbi ya nyumbani, wakafuata kobalti hatua kwa hatua.

Kwa wakubwa, njia kubwa ni chakula, na zaidi sana mboga zinazopandwa katika udongo wenye madini. Lengalenga, matembele, sombe: ni chakula kizuri, na bukari pasipo mboga si chakula. Lakini mizizi yao inanyonya kile kilicho katika udongo, na majani yao yanapokea mavumbi yanayoanguka toka juu.

Kwa watoto, mavumbi yenyewe yana nguvu sana. Mutoto mudogo anatambaa chini. Anashika udongo, kisha anatia mukono kinywani. Anaangusha kipande cha mukate, anakiokota, anakila. Na kwa kuwa mwili wake ni mudogo, sehemu ndogo ya madini inayopita katika mwili wa baba bila kuonekana ni mzigo kwa mutoto. Risasi ndiyo mbaya zaidi: inaumiza ubongo unaokua, na mutoto anaweza kukawia katika masomo pasipo mutu kujua sababu. Mwalimu atasema ni muvivu, nawe utamupiga bure.

Mufano wa Kasulo

Watu wa Kolwezi wanaijua Kasulo. Mwaka 2014 watu walivumbua kwamba chini ya nyumba za kartie ile kuna mawe ya kobalti. Wakaanza kuchimba katika lupango, na hata ndani ya nyumba. Mawe yalichaguliwa mbele ya milango, watoto wakicheza katikati.

Profesere Banza na wenzake walikwenda kupima. Mwaka 2018 walichapisha hesabu ya watu 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32, wakiwalinganisha na watu wa kartie jirani pasipo machimbo. Kobalti ilikuwa nyingi zaidi katika mavumbi ya nyumba za Kasulo, na katika mikojo na damu ya watu wake, hasa watoto. Kwa watoto walipata pia alama za kuumizwa kwa ADN, ni kusema yale maandishi madogo ya uzazi yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili.

Wewe utasema: «Mimi sikai Kasulo, sichimbi nyuma ya nyumba.» Ni kweli. Lakini uliza ndani ya nyumba yako: hakuna jiwe zuri la kijani lililoletwa toka kazini kusudi kupamba meza? Hakuna mufuko wa zamani wa madini unaotumika sasa kuwekea unga ao makaa? Hakuna salopeti iliyotundikwa juu ya kitanda? Basi Kasulo ndogo iko nyumbani mwako.

Neno kwa akina baba

Kuna jambo lingine, na ni gumu kulisema. Tunalisema kwa sababu kuficha hakumusaidii mutu.

Tangu mwezi wa Machi 2013 mpaka mwezi wa Februari 2015, waganga wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliandika watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana kwa macho. Waliwalinganisha na watoto 108 waliozaliwa bila kilema. Waliuliza wazazi maswali mengi: chakula, magonjwa, dawa, makao, kazi. Uchunguzi ulichapishwa mwaka 2020. Jambo moja lilionekana kuliko mengine: ikiwa baba alifanya kazi inayohusu madini, hatari ya mutoto kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa, karibu mara 5 na nusu.

Usishikwe na woga kupita kiasi. Vilema hivi ni vichache: katika Lubumbashi, karibu mutoto 1 kwa 1000 waliozaliwa katika miaka ile. Kwa sababu hesabu ni ndogo, wachunguzi wenyewe wanasema kwamba kile kipimo cha mara 5 na nusu kinaweza kuwa chini sana ao juu sana. Tena, uchunguzi wa namna hii unaonyesha kwamba mambo mawili yanatembea pamoja. Hauonyeshi njia yenyewe. Lakini mutu mwenye akili akiona moshi, hangojei kuona moto. Zamani kilema kikitokea, jamaa wote walimutazama mama: alikula nini, alikosa nini, nani alimuloga. Uchunguzi huu unatufundisha kwamba baba naye ana sehemu yake ya ulinzi. Mama akiwa na mimba, ao mukitaka kupata mutoto, usafi wako wewe toka kazini ni sehemu ya kumutunza.

Majani yanayokula pamoja na shaba

Kama universite ingetuletea habari za ubaya tu, tungekosa nguvu. Lakini katika Fakilte ya kilimo, watu wengine wa elimu walikuwa wanatafuta dawa ya udongo wenyewe.

Unaijua Penga Penga, kule Lubumbashi, upande unaopokea moshi wa furu. Moshi wa miaka mingi ulifanya udongo kuwa muchungu, tena ukaujaza shaba. Miti ilikufa, majani yakakosa, udongo ukabaki wazi. Kiangazi kikifika, upepo unachukua mavumbi. Mvua zikifika, maji yanakokota udongo.

Kuondoa udongo ule wote ni kazi isiyowezekana. Ndipo Mylor Ngoy Shutcha na wenzake wa Lubumbashi, pamoja na watu wa Gembloux katika Ubelgiji, wakawaza hivi: juu ya vilima vya shaba vya Katanga, tangu zamani za wazee, kuna majani yanayoota pasipo shida. Mababu walitafuta shaba kwa kuangalia vilima visivyo na miti. Kwa nini tusiyaombe majani haya kazi?

Walijaribu majani ya namna tatu katika udongo wenye gramu 2 na nusu za shaba katika kila kilo 1. Sehemu nyingine walizitia chokaa, nyingine walizitia mbolea ya takataka iliyooza. Waliangalia muda wa miaka miwili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Jani moja la vilima vya shaba, linaloitwa na watu wa elimu Rendlia altera, liliishi kuliko yote, hata pasipo dawa yoyote katika udongo. Lakini jani la tatu, lile la kawaida linalotambaa viwanjani, lilikufa mahali pasipo chokaa. Pale penye chokaa liliishi. Na chokaa ilipunguza shaba katika majani kuliko mbolea.

Kisha walikwenda Penga Penga yenyewe, wakafanya jaribio la miaka mitatu lililochapishwa mwaka 2015. Lile jani la vilima likaota pale, juu ya udongo uliokuwa tupu. Haliondoi shaba. Linaifunga: mizizi inashika udongo, majani yanaufunika, upepo unakosa cha kubeba.

Kwa nini chokaa?

Fasirio yake si ngumu. Katika udongo muchungu, shaba, kobalti na kadmiumu zinayeyuka katika maji ya udongo kama chumvi katika mboga. Muzizi ukinywa maji, unakunywa nayo. Chokaa inaondoa uchungu wa udongo. Basi madini yanarudi kushikamana na udongo, na muzizi unapata kidogo. Mbolea ya takataka iliyooza inasaidia vilevile, kwa kuwa nayo inashika madini. Michel Mpundu na wenzake wa Fakilte ile ile ya kilimo walichunguza jambo hili katika bustani za mboga za Lubumbashi, wakaonyesha kwamba chokaa na mbolea zinaweza kupunguza madini yanayoingia katika mboga.

Ndugu, chokaa si kitu cha mbali kwetu. Kakontwe, karibu na Likasi, inatoa mawe ya chokaa tangu zamani. Lakini usimwage ovyo: chokaa nyingi inachoma mimea, na chokaa isiyozimwa inachoma ngozi na macho. Muulize mutu wa kilimo kwanza.

Basi, ufanye nini?

Hapa kazi ya universite inakwisha, na kazi yako inaanza.

1. Koga kazini, mbele ya kurudi. Kichwa, masikio, kucha. Ukikosa bafu, unawe uso, mikono na miguu kwa sabuni.

2. Acha salopeti na mabote kazini. Ikiwa sharti uyalete, yatie katika mufuko uliofungwa, yasipite chumbani.

3. Usikungute nguo za kazi. Zitiwe ndani ya maji kwanza. Zifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mutoto, na maji yake yasimwagwe katika bustani. Bibi yako asiziguse pasipo kujua ndani mna nini, zaidi sana akiwa na mimba.

4. Usile wala kuvuta sigara na mikono ya kazi. Sigara inayoshikwa na vidole vyenye mavumbi inapeleka madini kinywani mara kumi kwa siku.

5. Nyunyiza maji mbele ya kufagia, ao panguza kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mukavu unayaamusha mavumbi tu.

6. Mutoto anawe mikono kwa sabuni mbele ya kula na mbele ya kulala. Kucha zake zikatwe fupi.

7. Funika lupango. Panda majani pale udongo ulipo wazi. Mbele ya mulango, weka sima ao mawe safi.

8. Chagua pahali pa bustani. Isiwe kando ya barabara ya makamyo ya madini, wala chini ya makapi meusi ya furu, wala pale maji ya kiwanda yanapopita. Ukikosa pahali pengine, inua matuta kwa udongo mwema ulioletwa toka mbali.

9. Osha mboga, jani kwa jani, katika maji safi mara mbili ao tatu. Hii inaondoa mavumbi ya juu; haiondoi kile kilichopanda toka muzizi. Ndiyo maana pahali pa bustani ni kwanza.

10. Wape watoto chakula chenye chuma: maharagwe, samaki, nyama ukiweza. Mwili unaokosa chuma unapokea kobalti zaidi, kwa sababu zinapita katika mulango mumoja.

11. Mawe ya madini hayalali nyumbani. Wala mifuko yake, wala mikebe yake.

«Lakini baba yangu…»

Tunajua utajibu nini. «Baba yangu alitumika kwenye furu miaka 30, akarudi kila siku na mavumbi yake, akatukomesha sisi wote, na hakuna aliyekufa.»

Tunamupa baba yako heshima yake. Lakini nani alipima damu yake? Nani alijua kifua chake kilikohoa kwa sababu gani? Tena, mavumbi haya si kama jiwe linaloanguka juu ya muguu, ukapiga kelele pale pale. Yanaingia kidogo kidogo, siku kwa siku, na mwenye kuumia hajui siku alipoumizwa. Hatari inayoonekana kila mutu anaikimbia. Ile isiyoonekana inataka mutu anayejua.

Wengine watasema pia: «Haya ni makosa ya moshi na viwanda, mimi na sabuni yangu nitafanya nini?» Swali ni la haki. Kupunguza moshi, kumwagia barabara maji, kuweka bafu na mahali pa kufulia ni kazi ya wakubwa wa viwanda, na unapashwa kuvidai katika komite ya usalama pasipo kuchoka. Ukiona bafu haina maji, sema leo, si mwezi ujao. Lakini wakati unaposubiri, mutoto wako hasubiri. Anatambaa leo, anatia mukono kinywani leo.

Kikombe cha mukojo kilitufundisha kwamba mavumbi yanafika. Majani ya Penga Penga yanatufundisha kwamba yanaweza kufungiwa njia. Kati ya hayo mawili iko wewe, saa ya kutoka kazini, mbele ya bafu.

Kesho kengele ikilia, usikimbilie bisi kwanza. Koga. Kisha nenda nyumbani, umuinue mutoto wako mikononi, na umukumbatie bila kumuachia kitu kingine isipokuwa upendo wa baba.